Sura ya Sita: Darasa la Pua Kimironko

Jani la jerani halina uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Limechanikachanika pembeni, lina vinyweleo laini, na ua lake ni dogo mno kuwekwa chomboni. Lifikiche kati ya vidole viwili ndipo linapojieleza: waridi, limau na mnanaa kwa pamoja, harufu inayong'ang'ania ngozi hata baada ya kunawa. Mmea huu, ambao wataalamu wa mimea wanauita Pelargonium graveolens, asili yake ni kusini mwa Afrika. Ulisafirishwa hadi Ulaya, ukalimwa Misri na katika kisiwa cha Réunion, na leo unalimwa pia kwenye vilima vya Rwanda.

Watengenezaji wa manukato wanauheshimu kwa sababu ya hesabu. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji takriban tani tatu hadi tano za maua. Jani la jerani limebeba citronellol na geraniol, viini vilevile vinavyolipa waridi sehemu kubwa ya harufu yake, na linavipata kwa gharama ndogo zaidi. Kwa hiyo chupa nyingi zenye picha ya waridi ubavuni zimesaidiwa na jani ambalo mnunuzi hajapata kulisikia.

Jani hilo ndilo mwalimu wetu aliloliweka mezani kabla ya kufungua chupa yoyote, katika warsha ndogo ya marashi mtaani Kimironko, Kigali. Watalii siku hizi wanapenda kufanya kazi kwa mikono yao: kusuka vikapu, kupika, kukaanga kahawa, kuchanganya marashi. Wengi wanalichukulia hilo kama burudani ya mchana mmoja, na si vibaya. Sura hii inadai zaidi ya hapo. Ukanda wetu wa Afrika ni ghala la harufu za dunia. Tunauza majani, vikonyo, maua na utomvu kwa pipa, kisha tunanunua chupa ndogo kwa bei ya kuumiza. Kinachotokea katikati, yaani ufundi wa kuchanganya, ndicho chenye faida kubwa, na ufundi huo unaweza kuanza kujifunzwa kwenye meza ya kawaida, na mtu wa kawaida, kwa Kiswahili.

Anzia sokoni

Anayetaka kujifunza marashi Kigali asianzie kwenye chupa. Aende kwanza soko la Kimironko, wilaya ya Gasabo, karibu na kituo cha mabasi cha mtaa huo. Ni miongoni mwa masoko makubwa ya jiji, na chini ya paa lake kila safu ina hewa yake. Kwenye vitenge kuna harufu ya wanga na rangi mpya. Kwenye dagaa wakavu, ambao hapa wanaitwa indagara, shombo inakuwahi kabla hujaona kichanja. Pembeni wanawake wanauza isombe, kisamvu kilichotwangwa kikatoa harufu ya kijani kibichi, kali, ya jani lililovunjwa punde tu. Kisha matunda: marakuja, mananasi, ndizi zilizoiva, na ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye uchachu ambayo baadhi yetu Tanzania tunayaita matunda damu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, kwa hiyo tangawizi na mdalasini utakavyonunua vitakuja katika mfuko wa karatasi, na karatasi haifichi harufu. Utatembea navyo ukiwa unavinusa njia nzima.

Zoezi la kwanza ni hili. Chagua vitu vitano sokoni. Vinuse kimoja kimoja, taratibu, na uandike kila harufu bila kutumia neno "nzuri" wala "mbaya". Andika kama ni kavu au mbichi, tamu au chachu, ya moto au ya ubaridi, kama inapanda puani upesi au inajikokota. Iliki ina ubaridi unaokaribia kafuri. Tangawizi mbichi ina limau ndani yake. Mdalasini una utamu ambao ulimi unaushuku kabla haujauonja. Ukifanya hivyo kwa nusu saa utagundua kwamba umekuwa ukinusa maisha yako yote bila kusikiliza.

Sayansi ya jambo hili ni changa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walieleza familia ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu puani, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi hivyo. Harufu moja huamsha kadhaa kwa pamoja, na ubongo husoma mchanganyiko huo kama msomaji anavyosoma herufi zilizopangwa kuwa neno. Tena njia ya harufu kwenda kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu ni fupi kuliko ya macho au masikio. Ndiyo maana moshi wa udi unaweza kukurudisha kwenye harusi ya zamani kabla hujakumbuka jina la bibi harusi. Pua inafundishika, na mafunzo yenyewe ni kuipa harufu jina na kurudia, kurudia tena.

Jani, mvuke na tone

Baada ya soko, meza. Mwalimu alitueleza safari ya jani kabla hatujagusa mafuta, na alikuwa sahihi kuanzia hapo, maana asiyejua tone limetokea wapi hulimwaga ovyo.

Majani yakivunwa hupakiwa kwenye pipa kubwa la chuma. Mvuke wa maji hupitishwa kutoka chini, ukapenya katikati ya majani na kupasua vifuko vidogo vya mafuta vilivyomo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba geraniol ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi, lakini ikichukuliwa na mvuke hutoka kabla hata ya nyuzi 100. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Joto hilo linatosha. Mvuke na mafuta huingia pamoja kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, vikageuka kuwa kimiminika, na mafuta yakaelea juu ya maji. Hapo huenguliwa. Maji yanayobaki nayo yana harufu, na watu hujipaka usoni. Kukeneka namna hii ni ufundi wa kale: katika karne ya tisa, al-Kindi aliandika kitabu kizima cha kanuni za manukato na ukenekaji mjini Baghdad.

Sasa hesabu. Kilo 1,000 za majani ya jerani hutoa kilo moja hadi mbili tu za mafuta. Maana yake ni kwamba tone moja linaloanguka kutoka kwenye dropa limetokana na kiasi cha majani kinachojaa kiganja. Mwalimu alirusha kiganja cha majani mezani, akaweka tone moja juu ya karatasi kando yake, akanyamaza ili tulinganishe wenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyetikisa chupa bila sababu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini zao hili linaifaa Rwanda. Nchi haina bahari, mashamba ya familia ni madogo, na njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam ni ndefu. Zao zito lenye bei ndogo hula faida yake barabarani. Mafuta ya kunukia ni mepesi, hayaozi upesi, na thamani ya shamba zima inaingia kwenye kidumu kimoja. Mtaalamu wa kilimo Nicholas Hitimana aliliona hilo alipoanzisha Ikirezi Natural Products, kampuni ya Kinyarwanda inayokeneka jerani, pachuli na mimea mingine. Miongoni mwa waliopata kazi kwenye mashamba hayo walikuwa wajane na yatima wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kampuni ya The 7 Virtues ya Canada, iliyoanzishwa na Barb Stegemann mwaka 2010, ilitengeneza manukato na kuyaita Patchouli of Rwanda. Jina la nchi lilifika kwenye chupa, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mafuta mengi ya Afrika huingia sokoni bila jina la kwao. Hatua inayofuata ni chupa yenyewe kujazwa hapa.

Ngazi tatu za harufu

Marashi hayanukii namna moja tangu asubuhi hadi usiku. Yanafunguka. Sababu yake ni uzito wa chembe zake. Limonene, inayotawala mafuta ya ganda la chungwa, ni chembe nyepesi na huruka upesi. Patchoulol, iliyomo kwenye pachuli, ni nzito na haina haraka. Weka tone la chungwa, la jerani na la pachuli kwenye vipande vitatu vya karatasi ya kunusia: chungwa litakuwa limefifia kabla chai yako haijapoa vizuri, jerani itadumu kwa saa kadhaa, na pachuli utaikuta bado ipo siku ya pili, imetulia, inanukia udongo mkavu na mbao za sandukuni.

Kwa hiyo mtengenezaji hupanga ngazi tatu. Ya kwanza ni harufu ya juu, inayokusalimu: chungwa, limau, mchaichai, mkaratusi. Ya pili ni ya moyo, inayobeba tabia ya marashi: jerani, waridi, asumini, langilangi. Ya tatu ni ya msingi, inayoshikilia zile nyingine zisiruke ovyo: pachuli, ubani, sandali, vanila, udi. Mchanganyiko wenye harufu za juu peke yake utapendeza dukani na kukuacha njiani. Wenye msingi peke yake utakuwa mzito kama nguo iliyofungiwa kabatini.

Kuna pia suala la nguvu. Kolonya huwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5, yaliyobaki ni spiriti na maji kidogo. Yale ya kati, ambayo Wafaransa wanayaita eau de toilette, yana asilimia 5 hadi 15. Eau de parfum ina asilimia 15 hadi 20, na zaidi ya hapo ni marashi mazito ya kupaka kidogo tu. Spiriti inayotumika ni ethanoli safi ya asilimia 95 au 96. Pombe ya kukenekwa kienyeji haifai hata kidogo: ina maji mengi na harufu yake yenyewe, na inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Asiyetaka spiriti, kwa dini au kwa ngozi yake, atachanganya kwenye mafuta mepesi. Mafuta ya mbegu za mlonge yalitumiwa na watengenezaji wa manukato tangu Misri ya kale, kwa sababu hayachachi upesi wala hayana harufu ya kushindana.

Tone linaingia, halitoki

Tulikuwa wachache mezani: mama mmoja wa Goma aliyekuja kumtembelea mwanawe, wanandoa wa Nairobi, kijana wa Mombasa na mimi. Mwalimu alikuwa akifundisha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyarwanda. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na meza kama ile ndipo unapoona manufaa yake: mtu wa Goma na mtu wa Mombasa wanabishana juu ya pachuli bila mkalimani.

Kijana wa Mombasa alitaka marashi ya karafuu. Aliipenda tangu utotoni, akataka aiweke matone matano katika chupa ndogo. Mwalimu hakumkataza. Alimwambia, "Kaka, weka moja kwanza, unuse, ungoje. Tone linaingia, halitoki." Akaweka moja juu ya jerani na chungwa, akachovya karatasi, akaipepea. Karafuu ilikuwa imeshika usukani tayari: eugenol, kiini chake kikuu, haihitaji wenzake wengi ili isikike. Mama wa Goma akaomba karatasi ile, akaivuta puani, akasema, "Hii inatosha, mwanangu. Ukiongeza utakuwa umekwenda kwa daktari wa meno." Na kweli, eugenol ndiyo iliyokuwa ikitumika kwenye kliniki za meno kupunguza maumivu. Kijana akaacha kwenye tone moja, na chupa yake ikaja kuwa miongoni mwa zilizosifiwa.

Kanuni tuliyofanyia kazi kwanza, kabla kila mtu hajaenda njia yake, ilikuwa ya chupa ya mililita 10. Matone ya manukato ni 40, ambayo ni mililita mbili hivi: chungwa 12, mchaichai 1, jerani 16, karafuu 1, pachuli 7 na ubani 3. Mililita nane zilizobaki ni spiriti. Unaanza na msingi, unapanda hadi moyo, unamalizia na juu, na kila baada ya hatua unachovya karatasi mpya na kuiandika jina. Hupaswi kuamini pua iliyochoka. Madukani wateja hupewa punje za kahawa wanuse ili pua "ijisafishe", na katika nchi ya kahawa kama Rwanda desturi hiyo inavutia, lakini utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kahawa haisaidii kuliko hewa ya kawaida. Toka nje, simama barazani, pumua, urudi. Au nusa kiwiko chako mwenyewe, harufu ambayo ubongo wako umeizoea.

Hata hivyo, matone ni kipimo cha kujifunzia tu. Tone la pachuli, ambayo ni nzito, si sawa na tone la chungwa. Watengenezaji wa kweli hupima kwa gramu kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ndogo sana, na kila walichofanya hukiandika. Warsha yenye mizani mezani inakuheshimu zaidi ya warsha yenye chupa nzuri.

Kisha kuna kungoja. Marashi yaliyochanganywa leo yana ukali wa spiriti na kelele za wageni wasiojuana. Yafungie mahali penye giza na ubaridi kwa wiki mbili hadi nne, ndipo uyahukumu. Kabla ya kuyatumia, paka kidogo ndani ya mkono na ungoje siku nzima. Mafuta asilia yanaweza kuwasha: mdalasini na mchaichai vikizidi huchokoza ngozi, na mafuta yaliyokamuliwa kutoka ganda la limau au bergamoti yanaweza kuifanya ngozi iungue ikipigwa na jua.

Ujuzi uliokuwa nyumbani

Msafiri akisikia neno warsha ya marashi, mawazo yake huenda Grasse, kusini mwa Ufaransa. Ni haki. Nyumba ya Galimard ilianza huko mwaka 1747, Molinard mwaka 1849, Fragonard mwaka 1926, na zote hupokea wageni wanaotaka kuchanganya marashi yao. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ufundi wa manukato wa Grasse katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Lakini tazama mojawapo ya mbinu zilizoipa Grasse sifa. Asumini haivumilii mvuke, joto huiharibu. Wafaransa walipaka mafuta ya wanyama kwenye vioo, wakapanga maua juu yake, wakayabadilisha kila siku hadi mafuta yakalewa harufu. Sasa rudi Rwanda ya zamani. Wanawake walijipaka siagi ya ng'ombe iliyotiwa mimea ya kunukia, na walifukiza nguo kwa moshi wa imibavu katika chombo cha udongo kiitwacho icyotezo. Shuka hadi pwani, Lamu, Mombasa, Unguja: bibi zetu waliloweka asumini kwenye mafuta ya nazi, wakatia kikuba kifuani, wakaweka chetezo chini ya tenge la nguo. Wote walikuwa wamegundua jambo moja, kwamba mafuta hushika harufu ambayo hewa huipoteza.

Na udi wa pwani, ule unaopikwa nyumbani, ni manukato kamili ya ngazi tatu. Sukari hupikwa hadi iwe shira, vipande vya udi na unga wa sandali vikaingia, miski, uturi wa waridi na marashi mengine yakafuata kwa mpango ambao mpishi anaujua kwa pua, si kwa kitabu. Kila nyumba ina kanuni yake na haitolewi hovyo. Mara nyingi binti huipata anapokaribia kuolewa. Tumekuwa tukiita kazi hii mambo ya wanawake, mapambo ya ndani. Ni ufundi wa kuchanganya, uleule unaolipiwa vizuri Grasse na Muscat, ambako nyumba ya Amouage ilianzishwa mwaka 1983 ikauza ubani wa Dhofar kwa dunia nzima kwa jina la Oman.

Kwa hiyo kijana wa Afrika Mashariki anapoketi kwenye meza ya Kimironko hafundishwi jambo geni. Anapewa mizani, spiriti safi na majina ya kemia kwa ujuzi ambao ukoo wake ulikuwa nao.

Maswali kabla ya kulipa

Warsha hazilingani. Uliza mambo manne kabla hujatoa pesa.

Kwanza, mafuta yametoka wapi? Mwalimu anayejua atakutajia mmea, nchi na namna yalivyotolewa. Akikwambia "essence tu" bila maelezo, huenda ni harufu ya kiwandani. Harufu za kiwandani si dhambi, na manukato mengi ya kisasa yasingekuwepo bila hizo: Chanel No. 5 ya mwaka 1921 ilijulikana kwa aldehaidi zake. Tatizo ni kuuziwa za kiwandani kwa jina la asilia.

Pili, sandali ni ya wapi? Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ambao Wanyarwanda wanauita kabaruka, umeng'olewa na walanguzi hadi mizizi, kwa kuwa mafuta mengi yamo humo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mkataba wa CITES ukauweka chini ya udhibiti wa biashara katika nchi za ukanda huu, Rwanda ikiwemo. Kama jibu halieleweki, tumia pachuli au ubani kwa msingi. Hutapungukiwa.

Tatu, nitaondoka na kanuni yangu kwa maandishi? Ukinyimwa, umenunua chupa, hujasoma.

Nne, chupa itasafirije? Kwenye mzigo wa mkononi wa ndege, kila chombo cha kimiminika kisizidi mililita 100. Kwenye mzigo mkubwa, marashi huruhusiwa kama vitu vya usafi wa mwili, chombo kimoja kisizidi nusu lita. Funga kifuniko kwa utepe na uizungushie kitenge ulichonunua sokoni.

Kanuni ndiyo mali

Ile kanuni ya matone 40 nimeieleza kwa makusudi, kwa sababu ni ramani. Jerani na pachuli hulimwa Rwanda. Karafuu ni ya Pemba, ambako kiwanda cha Wawi hukeneka mafuta ya makonyo na mchaichai. Ubani hutoka Somalia. Machungwa yanajaa Muheza, na ganda linalotupwa baada ya kumenywa lina mafuta yaleyale yanayouzwa kutoka viwanda vya juisi vya Brazil. Ukitaka kulainisha msingi, Uganda ina vanila, na Kongo ya mashariki pia.

Ukiitoa Brazil, nchi hizo zote leo zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda iliingia mwaka 2007, Kongo mwaka 2022, Somalia ilikamilisha uanachama mwaka 2024, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika tangu mwaka 2010. Hakuna sababu ya kijiografia ya mafuta ya Pemba kupitia Ulaya ili yakutane na jerani ya Rwanda. Wanaokosekana ni wachanganyaji: watu wengi wenye pua zilizofundishwa, wanaojua kupima, kuandika na kurudia kitu kilekile mara ya mia kama mara ya kwanza. Watu hao hawazaliwi viwandani. Wanaanzia kwenye meza ndogo, wakiwa wamekosea uwiano na kuurekebisha, wakiwa na mwalimu anayewazuia kumwaga tone la pili kabla hawajalielewa la kwanza.

Kwa hiyo ukifika Kigali, nenda. Nusa soko kwanza. Chagua warsha yenye mizani na yenye majibu. Ukirudi nyumbani na kanuni yako, irudie kwa vitu vya kwenu: mwenye mlangilangi uani aweke langilangi mahali pa jerani, mwenye bibi anayepika udi aketi karibu naye na kalamu mkononi, kwa adabu, aombe kuandika. Na ukikuta mchanganyiko ambao watu wanakuuliza umenunua wapi, usijibu kwa haraka kwamba ni wa kujifurahisha tu. Tafuta mtu wa pili anayejua kupima, na wa tatu anayejua kuuza, muanze.